Aksoloti wa Mexico na visamaki vya madimbwi yetu

BONDENI
Na Generosa Lyapanga

Mwana wa kaka yangu yuko kidato cha tatu hapa Ifakara, na tangu Januari anadunduliza. Hela ya kupakia magunia ya mpunga mashineni, hela aliyopewa Pasaka, hata nauli anayoibana kwa kutembea kwa miguu. Nilipomuuliza anataka kununua nini, alinionesha picha kwenye simu: mnyama wa rangi ya waridi, kichwa kipana, matamvua yamechanua nje ya shingo kama matawi, mdomo kama wa anayetabasamu.

"Shangazi, huyu ni aksoloti. Nataka nimfuge kwenye tangi la kioo lenye mimea ya majini."

Nilimpenda zaidi kwa hamu hiyo. Lakini nilimwambia hapana, na nadhani si yeye peke yake anayestahili kuelezwa sababu.

Aksoloti ni salamanda asiyetoka katika umbo lake la utotoni. Anabaki majini na matamvua yake hadi uzee, na mguu ukikatika huota mwingine. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi 16 hadi 18. Yakipita 24 anaacha kula, ngozi inaota ukungu, anadhoofika. Sasa fikiria Ifakara mwezi Novemba, mchana joto limepita nyuzi 30 na maji ya ndoo iliyo kivulini yana uvuguvugu. Mimea ingemsaidia kwa mengine: hunyonya amonia ya kinyesi chake na kumpa maficho dhidi ya mwanga, maana macho yake hayana kope. Mchanga laini ungemfaa kuliko changarawe, kwa sababu humeza chochote kilicho mbele ya mdomo. Ila hakuna mmea unaopoza maji. Ingebidi mashine ya kupoza iungurume usiku na mchana, na umeme ukikatika jioni moja tu, mnyama yule anaanza kupikwa taratibu huku kijana akimtazama. Sitaki alione hilo.

Kwao ni Xochimilco, mabaki ya maziwa ya kale ndani ya jiji la Mexico. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksoloti 6,000 katika kila kilomita ya mraba; mwaka 2014 walikadiria 36. Maji yamechafuka, jiji limetanuka, na ndani ya mifereji wamo samaki waliopandikizwa ili watu wapate kitoweo, ambao hula mayai na watoto wa aksoloti. Mmoja wa samaki hao asili yake ni Afrika: ni sato. Mtu wa bonde hili asilipite hilo haraka. Mto Kilombero una perege wake, ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis, na wengi wanaochimba mabwawa siku hizi hufuga sato. Bwawa likifurika masika, sato hatauliza mto ni wa nani.

Wakati huohuo aksoloti wamejaa kwenye matangi ya kioo duniani kote. Mwaka 1864 walifika Paris 34, na wengi wa walio maabara leo ni uzao wa msafara ule. Anayemwona dukani hawezi kuhisi kwamba huko kwao anakaribia kwisha. Kioo kinaweza kutufariji wakati ambapo hatustahili faraja.

Sisemi kioo ni kibaya. Bonde hili lina ushahidi mkubwa wa kinyume chake. Mto Kihansi unashuka kutoka Udzungwa kuja huku, na kwenye korongo lake, katika eneo lisilozidi hekta chache lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko, waligunduliwa mwaka 1996 vyura wa rangi ya dhahabu wasiofika sentimita tatu. Hawatagi, huzaa watoto walio hai. Hapakuwa na mahali pengine duniani walipojulikana kuishi. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, maji mengi ya mto yakaingizwa kwenye handaki na rasharasha zikakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni wakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 walipukutika, ukungu unaoua vyura ukiwa umeingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha.

Waliobaki walikuwa ndani ya vioo, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani, wakinyunyiziwa maji na mashine na kulishwa wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wa kwanza wakaachiwa Kihansi. Kila nikipita barabara ya Mlimba na kuiona milima ile, moyo hunijaa. Kioo kiliwahifadhi kwa sababu kulikuwa na watu waliokusudia kuwarudisha, na mabomba yanayoendelea kulowesha ule mteremko.

Basi nikamwambia kijana: mwanangu, unataka tangi lenye mimea, tutalipata. Lakini tuweke cha kwetu.

Tukiwa watoto tulivijua visamaki vya masika, vya urefu wa kidole, dume akiwa bluu yenye wekundu kama kitenge kipya, jike wa rangi ya maji. Hukaa kwenye madimbwi ya kando ya barabara na mashamba ya mpunga. Dimbwi likikauka wote hufa, na mayai yao hubaki ndani ya udongo wa mfinyanzi uliopasuka hadi mvua nyingine. Mmoja wao alipewa jina la bonde letu, Nothobranchius kilomberoensis, mwaka 2002, mwaka uleule kilomita za mraba 7,967 za bonde hili zilipoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai ya jamii hii kwa posta, yakiwa katika mboji yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Sisi tunayamwagia kifusi tukigawa viwanja. Halmashauri ikichora barabara au mtaa, iache baadhi ya mashimo yajae maji na kukauka yenyewe. Haigharimu kitu.

Oktoba tulichota beseni moja la udongo mkavu kutoka dimbwi lililo karibu na shamba langu, mayai mengine tukayaacha. Kijana alipanda yungiyungi mchanga na majani marefu ya majini kwenye tangi la kioo alilonunua kwa akiba yake, lisilo na mashine yoyote. Kisha tukaumwagia udongo ule maji ya mvua ya kwanza. Alfajiri ya siku ya pili aligonga mlango wangu kabla ya adhana. Nilitoka na khanga mabegani, akamulika beseni kwa simu: nyuzi ndogo zenye macho mawili mawili zilikuwa zinaruka juu ya tope. Tulihesabu hadi kumi na saba, zikatuchanganya, tukaanza upya.