Kwa Mwoga Huenda Kicheko: Njia za Milimani katika Wilaya ya Maziwa

Kaskazini-magharibi ya England, nchini Uingereza, katika jimbo la Cumbria, iko sehemu ndogo yenye maziwa na milima ambayo wenyeji huiita Lake District, yaani Wilaya ya Maziwa. Maziwa yake ni marefu na membamba, kwa kuwa mabonde yake yalichongwa na mito ya barafu katika zama za kale. Baina ya ziwa na ziwa imesimama milima ya mawe ambamo kondoo hulisha hadi karibu na vilele. Sehemu hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 2017 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu aliyezoea kuitazama Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, huenda akacheka akiambiwa kwamba Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote katika England, una mita 978 tu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Milima hii mifupi huua watu kila mwaka, na aghalabu kinachowaua si urefu wake bali ni dharau ya yule anayeipanda.

Njia za milima hiyo ni za namna tatu. Iko njia ya kutembea, ambayo mtu mwenye afya na mabuti mazuri aweza kuifuata akiwa na watoto wake. Iko njia ya kukwea majabali kwa kamba, ambayo ni ya mafundi. Katikati ya hizo mbili iko njia ya kuparamia, pale miguu peke yake isipotosha na mikono ikabidi kushika jiwe. Njia za kuparamia hupangwa kwa daraja, tangu ya kwanza, iliyo nyepesi, hadi ya tatu, inayohitaji kamba mara nyingi. Hata hivyo, wepesi wa daraja ya kwanza ni wa siku kavu isiyo na upepo. Jiwe likilowa au likipata barafu, daraja iliyoandikwa kitabuni haina maana tena.

Njia mashuhuri kuliko zote hupanda Helvellyn, mlima wa mita 950. Msafiri hutoka kijiji cha Glenridding, kando ya ziwa Ullswater, akapanda taratibu hadi afikapo Striding Edge. Huo ni mgongo wa mawe, mwembamba kama ukuta wa boma, na kila upande pana mteremko mkali. Kushoto ni bonde. Kulia, chini kabisa, ni ziwa dogo liitwalo Red Tarn. Mwisho wa mgongo huo hapana budi kushuka ufa mfupi kwa mikono, kisha kuparamia mteremko wa mawe hadi kileleni. Wengi hurudi kwa mgongo wa pili, Swirral Edge, na hivyo huwa wamelizunguka ziwa lile dogo lote.

Mwezi wa Aprili 1805 kijana mmoja msanii, Charles Gough, aliondoka kuvuka Helvellyn kwenda Grasmere, peke yake na mbwa wake. Miezi mitatu ilipita. Mwezi wa Julai mchungaji wa kondoo alisikia mbwa akibweka karibu na Red Tarn; alipofika aliyakuta mabaki ya Gough chini ya majabali, na yule mbwa bado yuko kando yake. Washairi wawili wakubwa wa zama hizo, William Wordsworth na Walter Scott, walitunga mashairi ya kumsifu mbwa kwa uaminifu wake, na mwaka 1890 jiwe la ukumbusho likasimamishwa mlimani. Sifa ya mbwa ni haki yake. Lakini kwa mtu mwenye jamaa nyumbani, funzo kubwa zaidi limo katika ile miezi mitatu ambayo mwili ulilala pasipo kuonekana na mtu.

Ziko njia nyingine za namna hiyo. Sharp Edge, katika mlima Blencathra wa mita 868, ni fupi kuliko Striding Edge lakini ni kali zaidi, na mawe yake huteleza sana yakilowa. Jack's Rake ni ufa unaopanda mshazari katika uso wa jabali la Pavey Ark, juu ya bonde la Langdale. Nayo Broad Stand, baina ya Scafell Pike na jirani yake Scafell, huonekana kama njia ya mkato, na kwa sababu hiyo imewaponza wengi. Mshairi Samuel Taylor Coleridge alishuka hapo Agosti 1802. Aliteremka kutoka kidaraja cha jiwe hadi kidaraja kingine, na kila alipojiachia akaona kwamba hawezi tena kurudi juu, hata viungo vyake vikatetemeka. Aliokoka kwa kupata mwanya mwembamba wa kupenya. Kanuni ya waparamiaji tangu hapo ni moja: usishuke mahali ambapo huna hakika ya kuweza kupanda tena.

Adui mwingine ni hali ya hewa. Kijiji cha Seathwaite, chini ya milima hiyo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Katika kipito cha Honister, kilicho karibu, Desemba 2015 zilinyesha milimita 341 kwa saa 24. Ukungu nao huweza kufunika kilele katika muda mfupi, na hapo ramani na dira huwa ndiyo macho ya msafiri. Simu ya mkononi yenye ramani ni msaada mzuri, lakini baridi humaliza betri, na katika mabonde mengi simu haishiki. Mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo tochi ni lazima, na theluji ikishakuwa ngumu, ni lazima pia kuwa na shoka la barafu na njumu za chuma, pamoja na ujuzi wa kuvitumia.

Muda wa safari hukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, pamoja na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa Helvellyn kwa Striding Edge, wenye kilomita 14 hivi na mita 800 za kupanda, kwa hesabu hiyo huchukua saa nne na dakika chache. Ukiongeza mapumziko na mwendo wa pole wa kuparamia, ni saa sita. Mwenye kuanza saa saba mchana siku ya Desemba amekwisha kujihukumu kulala gizani.

Jambo la mwisho hufanyika nyumbani kabla ya mlango kufungwa. Jina la njia, saa ya kurudi na idadi ya wasafiri viandikwe katika karatasi na kuachwa mezani. Saa ikipita bila habari, mke au mume hana haja ya kubahatisha: hupigia polisi simu, maana nchini humo polisi ndio wenye dhamana ya kuita vikosi vya uokoaji milimani. Naye aliyekwama hupuliza kipenga mara sita katika dakika moja, akanyamaza dakika moja, kisha akarudia. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Kikosi cha Keswick kilianzishwa mwaka 1947 na Luteni Kanali Horace Westmorland, baada ya mkweaji Wilfrid Noyce kuvunjika mguu mwaka uliotangulia katika mlima Great Gable na kuteremshwa kwa taabu kubwa.

Great Gable huohuo, wenye mita 899, una bamba la shaba kileleni. Chama kimoja cha wakwea milima kilinunua milima ya hapo na mwaka 1923 kikaitoa iwe mali ya umma, kwa ukumbusho wa wanachama wake waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Bamba lenye majina yao likazinduliwa mwaka 1924. Kila mwaka, Jumapili ya ukumbusho katika Novemba, watu hupanda kwa mamia, hata katika mvua na upepo, wakasimama kimya dakika mbili.

Waliokumbukwa pale walikufa kwa kutumwa vitani. Anayefika Striding Edge siku ya upepo hakutumwa na mtu, na hakuna amri inayomkataza kugeuka. Askari ajuaye kazi yake hurudi nyuma ili apate kusonga mbele siku nyingine. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mlima utakuwapo Jumamosi ijayo. La maana ni kwamba baba au mama naye awepo.