Nakala kwa Wote

Miezi kadhaa iliyopita, ofisi moja ya chuo ilipokea barua pepe ya mwanafunzi aliyeomba kuahirisha mitihani. Aliutaja ugonjwa wake kwa jina, akaambatisha cheti cha daktari. Afisa aliyeipokea, pengine kwa nia njema, aliisambaza kwa wahadhiri wote, nami nikiwemo, akiandika: "Kwa taarifa na hatua." Hatua ya nani? Wengi wetu hatukuwahi hata kumfundisha.

Yakafuata majibu. "Pole yake." "Nimepokea, ahsante." Wenzangu walijibu kwa wote, na kila jibu likabeba chini yake maelezo ya binti yule.

Waliowahi kufanya kazi masjala watakumbuka kwamba barua ya siri ilitiwa katika bahasha mbili, ya nje isioneshe kilichomo. Na jalada lilipotoka, iliandikwa limekwenda kwa nani. Tuliucheka utaratibu ule tukiuita urasimu, na mara nyingi ulistahili kuchekwa. Hata hivyo, ulimlazimisha karani kujiuliza, kabla barua haijatoka mlangoni, ni nani hasa anayepaswa kuisoma. Barua pepe imeiondoa bahasha, na swali lile nalo likaondoka.

Maofisini tunahubiriwa usalama wa barua pepe kana kwamba adui ni mdukuzi peke yake: nywila ndefu, viungo vya matapeli. Sibishani na hayo. Lakini hapa hakuna mdukuzi aliyeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na aliyezimwaga ni mtumishi mwenye nywila halali, akiwa kazini, akidhani anatimiza wajibu. Hakukosa ujuzi wa kompyuta. Alikosa staha ile ile ambayo ingemzuia kusimama kwenye korido na kuusoma ugonjwa wa mtoto wa mwenzake kwa sauti.

Nilimwandikia afisa yule, yeye peke yake, nikamsihi arekebishe. Kesho yake tukapokea barua pepe ya kututaka tuufute ujumbe wa awali. Ilitumwa kwa wote, na chini yake maelezo ya mwanafunzi yalikuwepo bado, neno kwa neno. Nilipomuuliza binti mwenyewe kama kuna aliyemwomba radhi, alinijibu kwamba hakujua kuwa ilisambazwa.