WALIO MBALI NAO WAULIZWE

Katika mwaka wa fedha 2023/24 watumishi wa umma waliagizwa kuachana na fomu za OPRAS, zilizoanza kutumika mwaka 2004, na badala yake kuandika kazi zao katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Shabaha ni njema. Watumishi wengi wanajua jinsi fomu zile zilivyokuwa zikijazwa kwa mkupuo siku ya mwisho, pengine kwa kunakili za jirani. Lakini mfumo ni chombo, na chombo hurekebishwa kadiri kinavyotumika. Wanaourekebisha humsikiliza nani?

Afisa aliye mjini Singida anapokwama humwendea afisa TEHAMA chumba cha pili. Mwalimu wa shule iliyo mbali kuelekea Rungwa, katika Halmashauri ya Itigi, hana budi kutafuta kwanza mahali penye mtandao, na pengine umeme wa kuchajia kishikwambi. Huyu akikwama hunyamaza. Maoni yakiombwa kupitia mfumo huo huo, watakaojibu ni wale ambao tayari unawatii, na taarifa itafika Dodoma ikisema kwamba watumiaji wameridhika. Hiyo ni sawa na kuwauliza waliofika sokoni kama barabara inapitika! Na kinachopimwa humo si mashine bali mtu, ambaye cheo chake kinategemea tathmini hiyo.

Taifa hili halina ugeni na kazi ya kuuliza. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka mikoani kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee; hata hivyo hoja za wachache zilipimwa kwa uzito wake, na mwaka 1992 nchi ikaingia katika vyama vingi.

Basi kabla mfumo haujabadilishwa tena, kila moja ya halmashauri saba za Singida ichague watumishi kwa kura kutoka orodha nzima ya shule na zahanati, za karibu na za mbali, wakiwamo wanaokaribia kustaafu. Afisa awafuate huko huko waliko, akae kando yao wakati wanajaza, na aandike mahali hasa wanapokwama. Wale ambao hawakuweza kabisa kuingia katika mfumo wahesabiwe pia, na idadi yao iwe ya kwanza katika taarifa.