Miguu kwanza, vyuma baadaye, na sahani mbele ya yote



Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, katika kambi zetu, utaona watu wa namna mbili. Wa kwanza wanapiga mbio asubuhi barabarani, jasho likiwatiririka. Wa pili wanakusanyika nyuma ya nyumba, wananyanyua vyuma na kujitazama mikono. Wote wanasema wanatafuta kitu kimoja: kuondoa mafuta mwilini, zaidi yale ya tumbo. Na kila upande unacheka mwingine. Wenye mbio wanasema vyuma ni mapambo tu. Wenye vyuma wanasema mbio zinakausha mtu kama makayabu.

Kwenye dispansere tunaulizwa swali hilo kila mara: «Munganga, nikimbie ao ninyanyue?» Mimi ni msaidizi wa munganga, si mwalimu wa spoti. Lakini juu ya jambo hili nina mawazo yangu, na ninataka kuyasema wazi. Mtu anayetaka kupunguza mafuta atangulize miguu, vyuma vifuate nyuma. Lakini sahani yake sherti iwe mbele ya vyote viwili. Anayegeuza utaratibu huo atatoka jasho mwaka mzima, na mkaba wake utabaki kwenye tundu lile lile.

KITI CHA DEREVA

Labda utasema: «Mimi ninafanya kazi ngumu ya mine, spoti ya nini tena?» Ndugu, tazama kazi yako vizuri. Baba zetu walichimba na kupakia kwa koleo. Leo wengi wetu tunakaa: dereva wa kamyoni kubwa anakaa, mwenye kuongoza mashini ya kuchimba anakaa, mwenye kuangalia mitambo anakaa, karani anakaa. Zamu nzima mikono inashika usukani na miguu inakanyaga pedali. Mtu anatoka amechoka kweli, lakini machovu si spoti. Kichwa kimechoka, mgongo umechoka, moyo haukufanya kazi.

Jambo hilo lilichunguzwa zamani. Mwaka 1953 munganga Jeremy Morris wa Uingereza alionyesha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili mjini London. Dereva alikaa kutwa. Mwenzake wa kukata tiketi alipanda na kushuka ngazi za basi kutwa. Mji ni mmoja, basi ni moja. Lakini ugonjwa wa moyo ulipiga madereva zaidi kuliko wakata tiketi. Mwaka 1956 Morris na wenzake waliandika hata juu ya suruali za kazi: za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Dereva wa kamyoni la mine asome habari hiyo mara mbili.

Tumbo kubwa si jambo la uzuri tu, ni jambo la usalama. Mtu mwenye mafuta mengi anashindwa upesi na joto. Anapanda ngazi akihema. Siku ya hatari, wakati wa kukimbilia nje, anachelewa yeye na kuwachelewesha walio nyuma yake. Tena mafuta ya ndani ya tumbo yanafuatana na tansio na ugonjwa wa sukari. Na mwenye sukari, kidonda kidogo ndani ya buti kinaweza kumpotezea mguu.

HESABU YA MAFUTA

Mafuta ya mwili ni akiba. Chakula kilichozidi kazi ya mwili kinawekwa humo. Nguvu ya chakula inapimwa kwa kalori. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya karibu kalori 7,700. Sasa tufanye hesabu ya mfanyakazi wa kilo 80.

Akitembea mbio saa moja, anatumia karibu kalori 300 hadi 350. Akikimbia polepole nusu saa tu, anatumia karibu vilevile. Akinyanyua vyuma saa nzima, pamoja na kukaa na kuzungumza katikati, mara nyingi hafiki 300. Kwa saa ile ile, mbio zinakula karibu mara mbili ya vyuma. Ndiyo maana ninasema miguu kwanza.

Wachunguzi wa chuo kikuu cha Duke, huko Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 2012. Walifuata watu 119 wanene, wasio na desturi ya mazoezi, kwa miezi minane. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya pumzi, la pili likanyanyua vizito, la tatu likafanya yote mawili. Walionyanyua vizito peke yake waliongeza nyama ya mwili karibu kilo moja, lakini mafuta yao hayakupungua sana. Kundi la mazoezi ya pumzi lilipunguza mafuta vizuri kuliko wao, na kwa muda mfupi zaidi. Kundi la tatu lilipunguza mafuta na kuongeza nyama, lakini lilitumia karibu muda mara mbili, na mafuta yaliyotoka hayakupita sana yale ya kundi la kwanza.

Lakini enyi wa mbio, msishangilie bado. Hata kundi lile halikuyeyuka kama siagi. Lilipoteza kilo chache tu. Fanya hesabu mwenyewe: ukitembea mbio dakika 45 kila siku, mwezi mzima, utapunguza kati ya nusu kilo na kilo moja, tena kama hukuongeza chakula. Mazoezi peke yake yanakwenda polepole. Sahani na chupa ndizo zinazoamua.

Chupa moja kubwa ya bia ina kalori karibu 300. Maana yake, chupa moja inafuta saa nzima ya kutembea. Anayekunywa chupa tatu jioni ya mshahara amefuta saa tatu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese kina kalori karibu 120, na katika sufuria ya sombe wengine hawapimi kwa kijiko, wanamimina kutoka chupani. Kama unakimbia asubuhi na jioni unafungua chupa, usimlaumu munganga.

KWA NINI BASI VYUMA?

Mtu akila kidogo kusudi apungue, mwili hautoi mafuta peke yake. Unatoa na nyama, yaani misuli, ile inayokusaidia kubeba, kupanda na kusukuma. Atapungua kilo kwenye mizani, lakini atapungua na nguvu. Mfanyakazi hawezi kukubali biashara hiyo. Vyuma vinaambia mwili: nyama hii ina kazi, usiiguse. Tena miaka ikiendelea, misuli inapungua yenyewe ikiwa haitumiki. Mgongo na mapaja yenye nguvu yanalinda mtu kazini na hata siku za uzee.

Basi vyuma havichomi mafuta mengi, lakini vinalinda mwili wakati mafuta yanatoka. Kila dawa na kazi yake.

Usidanganywe na mambo haya. Kuvaa koti na plastiki kusudi utoke jasho: jasho ni maji, ukinywa yanarudi, na katika joto letu unaweza kuanguka. Kufanya zoezi la tumbo mara mia moja kusudi mafuta ya tumbo yaondoke: zoezi linakaza misuli ya chini, lakini mwili wenyewe ndio unaochagua mahali pa kutoa mafuta. Dawa za kupunguza mwili zinazouzwa sokoni bila karatasi ya munganga: ziache huko huko.

MAMA WA NYUMBA, NENO LAKO

Mama, wewe ndiwe unayeshika mwiko, kwa hiyo bila wewe maneno haya ni bure. Ninajua shida yako. Bwana akipungua, majirani wanasema bibi hampikii. Wengine wananong'ona kwamba ana ugonjwa. Tumbo kubwa linaitwa alama ya mshahara mzuri, na mama anaogopa kuondoa alama hiyo.

Mama, majirani hawatakuja kulea watoto wako kama baba yao ameanguka kwa moyo. Punguza bonge la bukari la usiku, ongeza mboga na maharagi. Pima mafuta kwa kijiko. Samaki wa kuchemsha wana nguvu ile ile ya kujenga mwili kama wa kukaanga. Na chai isiwe shira ya sukari. Nawe mwenyewe tembea, kwa maana tansio haiulizi kama wewe ni mwanaume ao mwanamke.

Lakini shika neno hili moja sana. Kupungua kwa kutaka ni jambo moja. Kupungua bila kutaka ni jambo lingine. Kama mtu anakonda naye hakubadili chakula wala kazi, kama anakohoa zaidi ya majuma mawili, kama ana homa na jasho la usiku, kama anakunywa maji na kukojoa mno, asiseme «spoti inanifaa». Aje dispansere upesi. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa sida. Yote hayo yana matunzo, na anayekuja mapema anasaidiwa vizuri zaidi.

JUMA LA MFANYAKAZI

Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya pumzi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma, na mazoezi ya misuli siku mbili ao zaidi. Kwetu sisi inaweza kuwa hivi:

Siku tano, tembea mbio dakika 30 hadi 45, ao panda kinga kwenda kazini. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiisha kuzoea majuma sita, changanya na kukimbia kidogo kidogo.

Siku mbili, vyuma dakika 20 hadi 30. Huna vyuma? Bido la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Anza na nusu. Chuchumaa na kusimama ukilishika kifuani. Liinue toka chini, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, kama tunavyofundishwa kazini. Kisha lala kifudifudi ujisukume juu kwa mikono. Kila zoezi mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mara mbili.

Siku zilizobaki pumzika. Mwenye kutoka zamu ya usiku alale kwanza. Kukimbia na usingizi machoni ni hatari, na mtu asiyelala anasikia njaa zaidi. Na wewe ambaye kazi yako bado ni ya koleo na mikono, huhitaji vyuma vingi: tembea kidogo, na tengeneza sahani.

Hata hapa usalama ni kwanza. Usiokote vipande vya reli wala gurudumu la mashini na kuvinyanyua juu ya kichwa, kikiteleza kitakuvunja. Usilale chini ya chuma kizito bila mwenzako kusimama karibu. Usikimbie gizani kwenye njia ya makamyoni. Wakati wa kiangazi, epuka barabara yenye vumbi. Mapafu yako yanakutana na vumbi la kutosha. Mwenye miaka zaidi ya 40, mwenye tansio, sukari ao maumivu ya kifua, aje kwanza tumpime. Na yeyote anayesikia kifua kinabana, ao kichwa kinazunguka, asimame papo hapo.

ANZA LEO NA KAMBA

Mizani inaweza kukudanganya, kwa sababu haitofautishi mafuta na nyama. Kamba haidanganyi sana. Jioni ya leo, kabla ya kula, chukua kamba, izungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Funga fundo. Pima kamba hiyo kwa metre ya fundi. Mwanaume akifika sentimeta 94, mwanamke akifika 80, hatari imeanza. Mwanaume akipita 102, mwanamke akipita 88, asingoje.

Tundika kamba ukutani, mahali bibi na watoto wanaiona. Fuata utaratibu huu miezi mitatu, kisha pima tena na kamba ile ile. Ikiwa fundo limesogea vidole viwili tu, umeshinda, hata kama majirani hawakuona kitu. Ikiwa halikusogea, njoo dispansere na kamba yako mkononi, tuzungumze habari ya sahani na chupa. Lakini sema kweli ni chupa ngapi.