Msisugue Fedha za Wazee

Hapa kwetu Bafwasende kumezuka desturi mbaya, nami nataka kuipinga wazi. Kijana akiona sarafu ya zamani katika sanduku la babu yake, mara ashika majivu na ndimu, aisugua hata ing'ae kama sufuria mpya. Kisha aipeleka kwa mchuuzi wa dhahabu. Mchuuzi aiweka katika mizani, amlipa uzito tu.

Niliona faranga 50 ya mwaka 1944, ile yenye tembo, ya Benki ya Kongo ya Wabelgiji. Mama mzee aliitunza miaka mingi katika kitambaa, nayo ilikuwa imepata rangi ya asali, na ukingoni buluu kama shingo ya njiwa. Mjukuu aliisugua asubuhi moja. Jioni tembo hakuwa na jicho.

Wengine hunijibu: "Katekista, weusi ule ni uchafu." Si kweli! Hewa ina salfa kidogo, ile inayonuka katika yai bovu. Salfa hiyo hushikana na madini ya fedha, ikafanya utando mwembamba sana. Kwanza rangi yake ni kama dhahabu, baadaye nyekundu, kisha buluu. Mwisho ni weusi. Hiyo ni kazi ya miaka. Anayesugua aondoa fedha yenyewe pamoja na maandishi yake, wala hawezi kuyarudisha.

Wengine husema: "Watoto wadaiwa malipo ya shule." Neno hilo nalikubali, ukumbusho haushibishi tumbo. Lakini basi uzeni kwa akili! Sarafu ile ina gramu 17 na nusu, na nusu yake tu ndiyo fedha safi. Katika mizani ni kitu kidogo. Lakini wakusanyaji wa sarafu hupenda rangi nzuri ya uzee, nao huidharau iliyosuguliwa. Mchuuzi akikuambia, "Nyeusi, haifai," jiulize kwa nini hata hivyo aitaka.

Tena kuna jambo kubwa kuliko bei. Faranga 5 za Leopold II, zilizopigwa kati ya 1887 na 1896, zina maneno haya kwa Kifaransa: Kazi na Maendeleo. Kazi gani? Babu zetu walitafuta mpira msituni kwa kulazimishwa, na wengi wao hawakushika hata moja ya fedha hizo. Mwingine atasema: "Basi uso wa mfalme huyo na ufutike!" La, ndugu. Shahidi hafungwi kinywa kabla ya kusema.

Yule mwanamke wa Injili aliyepoteza drakma moja kati ya kumi aliwasha taa, akafagia nyumba. Alifagia nyumba, hakuisugua drakma. Nasi tuzifunge fedha zetu katika kitambaa kikavu, tuzishike ukingoni, tukawaulize wazee habari zake wangali hai.