Simu huru, simu salama: tuchague ipi?

Juzi nilikuwa Chepsaita, nje kidogo ya Eldoret, kumjulia hali mpwa wangu anayetengeneza simu. Sisi wa Pwani tunakujua huko kwa mahindi na mbio za nyika, lakini kibandani mwake nilikutana na mjadala mwingine. "Mjomba," akanambia, "wateja siku hizi wanataka simu isiyopelelezwa. Niwatilie mfumo gani? Wanaojua wenyewe hawaelewani."

Hofu hiyo ina msingi. Mei 2025 polisi wa Kenya waliwakamata watengenezaji filamu wanne kuhusiana na makala ya BBC, Blood Parliament. Vifaa vyao vilibaki mikononi mwa polisi hadi Julai. Viliporudi, watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walisema wamekuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY kwenye simu mbili.

Sasa, wanaovutana ni akina nani? Kambi ya kwanza ni ya programu huria, inayofuata msimamo wa Free Software Foundation iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985: kila programu ndani ya simu iwe wazi, mtumiaji aweze kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Mfumo wake wa simu ni Replicant, ulioanza 2010. Kambi ya pili ni ya GrapheneOS. Hawa nao msimbo wao ni wazi, lakini wanakubali programu fiche za watengenezaji wa chipu na modemu, kwa hoja kwamba zimo tu ndani ya simu, na kukataa kuzisasisha ni kuacha mlango bila komeo.

Kwa hili naona kambi ya pili ina haki zaidi. Replicant imebaki kwenye Android 6, mfumo wa mwaka 2015. GrapheneOS, simu isipofunguliwa kwa saa 18, hujizima na kujiwasha upya, na data ikarudi kufungwa kwa nywila. Kwa mtu ambaye simu yake imechukuliwa kituoni, hilo ni jambo kubwa.

Lakini tusiwabeze watu wa uhuru. CopperheadOS, mfumo ambao GrapheneOS ilichipuka kwake, ulibadilisha leseni mwaka 2016 na kuzuia matumizi ya kibiashara. Mwaka 2018 waanzilishi wake wawili wakagombana na kutengana. Aliyeutegemea alibaki akingoja ugomvi wa watu wawili uishe. Leseni huria ndiyo inayomkinga mtumiaji na siku kama hiyo.

Linalonikera ni kwamba kambi zote zinamsahau mkulima wa Chepsaita na mvuvi wa Lamu. Kwa miaka GrapheneOS imewekwa kwenye Google Pixel pekee, simu ambayo wengi wetu hatuimudu. Usalama wa wenye pesa tu haujatufikia.

Nilimwambia mpwa wangu: mwenye Pixel mtilie GrapheneOS. Asiye nayo, msasishie simu yake, mwekee nywila ndefu, na mwambie ukweli kwamba simu iliyokaa mikononi mwa wengine si ya kuaminiwa tena mpaka ikaguliwe.

Na tuwaulize wabunge wetu: askari akichukua simu, ni nani anayehakikisha inarudi kama ilivyokwenda?