Uwindaji Hauishii Kwenye Mlio wa Bunduki

Mazungumzo ya barazani hapa Lulindi yakiangukia uwindaji wa kitalii, kauli ni ile ile: mwenye dola hulipa, kampuni humpeleka porini, hupiga, hubeba pembe zake akaenda zake. Yaani ni fedha na shabaha, basi. Vijana waliofanya kazi kambini hurudi nayo kauli hiyo. Hata mteja huko kwao anapopanga safari huanza na bunduki gani, risasi gani, pembe za urefu gani. Mimi siikubali hata kidogo. Safari ya uwindaji hufana au huharibika kwa yale yanayofuata baada ya mlio, na la kwanza ni nyama.

Tumchukue nyati. Dume hufika kilo 700. Akianguka saa nne asubuhi mwezi wa Oktoba, katika nyika ya Nanyumbu inayoteremkia Mto Ruvuma, upande wa Pori la Akiba Lukwika-Lumesule, jua limeshakuwa kali na gari limeachwa mbali kwa ajili ya makorongo. Ngozi ikichelewa kutoka, joto hubaki mwilini, na nyama huanza kuharibika ndani kabisa, kwenye mfupa wa paja, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana wanaoijua kazi hawapotezi muda kupiga picha. Tumbo hupasuliwa papo hapo, mnyama huchunwa, mapaja hutundikwa kivulini penye upepo. Wengine wanakata miti mibichi na kujenga uchanja, wengine wanachana minofu kuwa vipande virefu vyembamba, inatiwa chumvi, inabanikwa kwa moto mdogo wenye moshi mwingi hadi kesho yake. Nyama iliyokauka vizuri hupungua uzito mno. Kambi iliyosahau chumvi itaacha nusu ya nyati kwa fisi.

Lakini kabla ya kisu cha kuchunia kuna kisu kingine. Wamakonde na Wayao wa huku wengi wao ni Waislamu, na mnyama asiyechinjwa kwao ni kibudu. Lazima katika msafara awepo Mwislamu mwenye mbio na kisu kikali, amfikie mnyama kabla roho haijatoka. Mteja anayetaka kichwa cha kutundika ukutani hukasirika akiona shingo imekatwa mahali pasipomfaa. Ugomvi huo nausikia kila mara, na dawa yake ni maneno machache yaliyopaswa kusemwa kambini siku ya kwanza: nani atachinja, na atakata wapi.

Kisha ni nani atabeba? Marekani, kwenye Milima ya Rocky, upo uwindaji ambao kampuni humpandisha mteja mlimani kwa farasi na nyumbu wa mizigo, humkabidhi mahema na jiko, ikamwacha, ikarudi siku waliyoagana. Anawinda elk, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hufika kilo 300. Kwa kuwa yuko peke yake, swali lake la mapema ni nyumbu wangapi watakuja kuteremsha nyama na watachukua muda gani kufika, kwani katika majimbo kama Colorado na Wyoming kuacha nyama inayolika ioze ni kosa kisheria. Wapo wanaotamani utaratibu huo wa kuachwa uje kwetu, wakiona askari wa wanyamapori na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni ni gharama za bure. Wanasahau kwamba huko Wyoming kwenyewe mgeni wa nje ya jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa katika mapori yaliyotengwa kisheria bila kiongozi mwenye leseni au mkazi wa jimbo. Na kule hakuna tembo wanaovuka Ruvuma kutoka Niassa, ng'ambo ya mpaka.

Kwetu farasi na punda hawadumu kwa sababu ya ndorobo. Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyelilinda na kulipanua Pori la Akiba la Selous kabla ya kuhamia Newala alikokamata nyoka, alizunguka nyika ya Liwale kwa miguu, nyuma yake wapagazi. Leo pia gari linapokwama ni mabega ya watu, na mabega hayo yana msimu wake. Kuanzia Septemba hadi Desemba korosho zinaanguka, na hakuna atakayeacha mkorosho wake kwa ujira wa siku tatu. Mwenye kuhesabu shabaha tu atachagua Oktoba, maana nyasi zimeungua na wanyama wamesogea kwenye maji yaliyobaki. Mimi ningechagua Agosti. Nyasi bado zinasumbua, ni kweli, ila mahindi yameshavunwa, asubuhi ni baridi, na watu wa kubeba wanapatikana.

Nitaambiwa mteja amelipia pembe, nyama haimhusu. Amelipia pembe, sawa, lakini kampuni ameichagua yeye, na watu wanaoishi kando ya kitalu cha uwindaji hawazioni pembe hizo. Wanachokiona ni nyama imefika au imeozeshwa. Tena kuifikisha tu hakutoshi. Nyama ya porini kisheria ni nyara ya serikali, na mama aliyepewa kilo mbili bila hati anaweza kushtakiwa kama jangili. Zawadi isiyo na karatasi ni mtego kwa aliyepewa.

Basi mteja kabla hajatuma malipo ya awali, aitake kampuni iandike ndani ya mkataba: nyama itakwenda kijiji gani, itabebwa na nani na kwa ujira gani, na ni askari yupi ataandika hati palepale mnyama alipoanguka.